Tano Hajasema

Saa kumi na moja alfajiri Kapchorwa haina sura.
Ukungu umeshuka toka mlimani
ukalala barabarani kama ng'ombe asiyetaka kupisha.
Tunakutana penye duka ambalo taa yake ya nje haizimwi,
tunakaguana kabla ya kunyoosha misuli:
nani ana kurunzi, nani kasahau kizibao,
kile cha njano
walichotuachia wajenzi walipomaliza lami.
Nambozo amevaa cha binamuye, kinamfika magotini.
Hatumcheki. Kinang'aa.

Tunakimbia upande wa kulia,
tukiyatazama magari usoni,
maana kifo cha mgongoni hakipigi hodi.
Mmoja nyuma ya mwingine, watu saba,
na kila penye jiwe la kilomita tunajihesabu kwa sauti.
Tunahesabu kwa Kiswahili,
kwa kuwa Wabwire ni wa Busia, Nambozo ni Mgisu,
na sisi Wasabiny tukihesabu kwetu tutawaacha nje.
Moja. Mbili. Tatu. Nne. Tano. Sita. Saba.
Mbwa wa Kaptanya wameizoea hesabu hiyo,
wengine hawabweki tena.

Mimi nilikuwa sita.
Kazi ya sita ni nyepesi: msikie tano, kisha useme.

Siku ile nilikuwa na saa mpya mkononi,
zawadi ya kaka yangu aliye Kampala,
saa inayokusomea mapigo ya moyo wako
na ya mwenzio haiyajui.
Nikaikimbiza. Kwenye mteremko nikampita Cherukut
bila neno, kama mtu anayepita mti.

Kisha taa moja ikatokea mbele, katikati ya barabara.
Pikipiki, nikajiambia, itajibana yenyewe.
Kumbe ni lori la mahindi, jicho moja limekufa,
jicho la upande wetu.
Likapita. Upepo wake ukanivuta fulana.
Niliitazama saa.

Kwenye jiwe la nane:
Moja. Mbili. Tatu. Nne.
Nami, kwa mazoea ya ulimi, nikasema Sita.
Nilikiruka kile kimya kama mtu arukavyo dimbwi.

Ni Musobo, mtoto wa miaka kumi na sita,
wa mwisho siku zote, mwenye viatu vya kuazima,
aliyekataa kusema Saba.
"Tano hajasema," akaita toka ukunguni,
na nyayo zake zikanyamaza.

Tukarudi tukiita jina lake, kurunzi zikitazama chini.
Alikuwa mtaroni, karibu na kalvati,
amekaa, kiatu kimoja mkononi,
kifundo kimevimba kama kiazi kikuu.
Aliruka, pumzi zikamtoka, sauti ikazama nazo.
Musobo alikuwa amempita hatua tatu tu, asimwone.
Nilitafuta la kusema, sikulipata.
Yeye ndiye aliyelipata:
"Hata mimi nilidhani ni pikipiki."

Tukambeba kwa zamu.
Wabwire mbele, akipunga kurunzi,
Nambozo nyuma, amevua kile kizibao kipana
anakitikisa kwa mikono miwili kama anayepeta mtama.
Saa yangu iliendelea na kazi yake.
Iliandika kwamba hiyo ndiyo kilomita yangu
ya polepole kuliko zote.
Sijaifuta.

Siku hizi mimi ni saba, kwa ombi langu mwenyewe.
Musobo ni sita, na masikio yake ni yale yale.
Namba tano hatukumpa mtu.
Tukiifikia tunaacha pengo la pumzi moja,
tunalisikiliza mpaka mwisho,
ndipo sita anasema.

Na tunapopita kwao, penye ua wa mibuni,
jiwe la kilomita bado liko mbali,
hakuna aliyefungua kinywa,
mama yake ndio kwanza anawasha moto,
naye yuko nje tayari, mguu wa plasta juu ya jerikeni,
anatuwahi gizani:

"Tano!"